Kununua sarafu kuukuu za fedha kwa uzito wake: mwongozo kwa anayeanza

Kabla hujanunua sarafu hata moja, nunua mizani. Ile ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kama wanayoweka masonara kwenye meza zao. Anayenunua sarafu za fedha bila mizani ananunua hadithi, na hadithi huku pwani hazina mwisho: hii ilikuwa ya Sultani, hii ya Mjerumani, hii babu aliifukia wakati wa vita. Nazipenda sana hadithi hizo. Lakini mtu anayetaka kuweka akiba kwenye madini ananunua gramu, na gramu haina ukoo.

Neno moja tulinyooshe mapema. Kwa Kiswahili fedha ni madini yale meupe na ni pesa pia. Humu nikisema fedha ninamaanisha madini. Zile za kulipia nitaziita pesa, au hela, neno ambalo lenyewe tulirithi kutoka kwenye heller, senti za Wajerumani.

Mimi nilianza vibaya. Nilinunua riale sita kwenye duka la vitu vya kale linalouzia watalii, nyeusi za kupendeza, zimefungwa kwenye kitambaa chekundu. Nilimpelekea sonara mmoja mzee. Hakuweka hata moja kwenye mizani. Aliishika ya kwanza kwa vidole viwili, akaipitisha ukucha kwenye ukingo, akanirudishia. "Mwanangu, hii haina maandishi." Zote sita zilikuwa shaba iliyochovywa fedha. Tangu siku hiyo sitoi pesa kabla ya kumaliza hatua zinazofuata.

Hatua ya kwanza: zijue sarafu zenyewe

Zinazopatikana Afrika Mashariki na zinazofaa kununuliwa kwa madini yake ni za aina tatu.

Ya kwanza ni riale ya Maria Theresa, ile yenye mama mnene mwenye utaji kichwani. Alikuwa mtawala wa Austria, akafa mwaka 1780, na tangu hapo kila sarafu yake inaandikwa 1780 hata kama imegongwa miaka mia mbili baadaye. Wafanyabiashara wa Uhabeshi, Yemeni, Omani na Unguja waliizoea sura hiyo wakakataa nyingine, kwa hiyo ikaendelea kugongwa Vienna, na kwa nyakati mbalimbali London, Bombay, Roma na kwingineko. Uzito wake ni gramu 28.07, na usafi wake ni 833 kwa 1000. Ndani yake mna gramu 23.39 za fedha safi. Upana ni kama sentimita 4.

Ya pili ni rupia, nayo kwangu ndiyo sarafu bora kwa anayeanza. Rupia ya India ilikuwa pesa ya pwani yetu kwa miaka mingi: alilipwa nayo mpagazi, karani, na fundi wa reli. Ina gramu 11.66, usafi 917, yaani fedha safi gramu 10.69. Uzito huo haukutoka hewani. Ni tola moja kamili, na mpaka leo ukiingia kwa masonara wengi wa Kihindi na wa Kiswahili utasikia wakihesabu kwa tola. Rupia moja ilikuwa pesa na ilikuwa jiwe la mizani kwa pamoja. Za Malkia Victoria, za Edward wa Saba na za George wa Tano zote ni za usafi huo. Mtego uko kwa George wa Sita: za kuanzia 1940 hadi 1945 zina nusu tu ya fedha, 500 kwa 1000. Utazitambua kwa ukingo, kwani meno yake yamekatwa na mfereji katikati. Rupia ya 1947 haina fedha kabisa, ni nikeli tupu, na sumaku itainasa.

Wajerumani nao walipoingia Tanganyika waligonga rupia yao kwa uzito na usafi ule ule, ili ikubalike sokoni. Hiyo nitairudia, kwa sababu si ya kuyeyusha.

Ya tatu ni shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba aliyesimama mbele ya milima. Hapa watu wengi hudanganyika, hivyo nikae kidogo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya fedha ilipanda hadi madini yaliyo ndani ya sarafu yakakaribia kuipita pesa iliyoandikwa juu yake. Rupia ikapanda pamoja nayo, waliokuwa na madeni ya rupia wakalia, na serikali ya kikoloni ikaiondoa. Mwaka 1920 ikaja florini yenye usafi wa 500. Mwaka 1921 ikaja shilingi yenye usafi wa 250. Ndani ya miaka miwili mfukoni mwa mwananchi fedha ilishuka kutoka sehemu tisa kwa kumi hadi robo. Shilingi ina gramu 7.78, na fedha safi humo ni gramu 1.94 tu. Ukizikusanya 16 ndipo unapata aunsi moja, yaani gramu 31.1, kipimo ambacho bei ya fedha duniani hutajwa nacho. Nusu shilingi ni hivyo hivyo kwa nusu. Shilingi zilizogongwa kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, hazina fedha hata chembe, ingawa simba ni yule yule. Na zile za Tanzania, Kenya na Uganda baada ya kila nchi kuanza pesa yake mwaka 1966, usizipoteze muda.

Utakutana pia na senti 25 na senti 50 za zamani zaidi, za 1906 hadi 1919, zenye usafi wa 800. Hizo ni nzuri, lakini ni chache.

Wenzetu mlio Marekani mna kazi rahisi zaidi. Senti 10, 25 na 50 zenye mwaka 1964 na kurudi nyuma zina usafi wa 900. Tazama ukingo: ukiona mstari wa rangi ya shaba, ni ya baadaye. Za thamani ya dola moja kwa maandishi, ziwe kumi za senti 10 au nne za senti 25, wanunuzi huzihesabia aunsi 0.715 badala ya 0.723 ya mpya, kwa ajili ya kulika. Walio Uingereza: kabla ya 1920 usafi ni 925, kuanzia 1920 hadi 1946 ni 500, na kuanzia 1947 sahau.

Hatua ya pili: kagua kwa mpangilio huu

Anza na sumaku, kwa kuwa ni ya bure. Fedha hainaswi. Ikinasa, rudisha. Isiponasa hujathibitisha kitu, maana shaba na risasi nazo hazinaswi.

Kisha ukingo. Riale halisi ina maandishi ya Kilatini yaliyoinuka ukingoni, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yenye mapambo katikati. Za kubuni zilizomiminwa kwenye kalibu mara nyingi ni laini au zina mshono unaozunguka. Rupia iwe na meno yaliyonyooka na yanayolingana. Pitisha ukucha kama yule mzee. Kidole kinajua mapema kuliko jicho.

Kisha mizani. Sarafu iliyotembea hupungua, na ni haki yake. Rupia ya gramu 11.4 ni ya kawaida. Ya gramu 10.2 inahitaji maelezo, na iliyozidi 11.7 bila kikonyo (kile kipete kilicholehemiwa ili ivaliwe) inahitaji maelezo zaidi.

Mwisho ni kipimo cha maji, na hiki jifunze vizuri, kwa sababu ndicho kinachowashinda matapeli. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote ndani ya maji huku umeishikilia kwa juu, isiguse chini wala pembeni. Itikise kidogo viputo vya hewa vitoke. Mizani itaonyesha namba. Hiyo ni maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Rupia ya gramu 11.66 itasukuma kama gramu 1.13, na jibu ni 10.3. Riale itasukuma kama 2.75, na jibu ni 10.2. Ukipata 8.9 au karibu yake, umeshika shaba au shaba na nikeli. Ukipata zaidi ya 11, kuna risasi. Rupia ya nusu fedha itatoa jibu chini ya 10.

Nimekifanya kipimo hiki kwenye kibaraza cha nyumba ya watu, kwa kikombe cha chai kilichoazimwa, mwenye mali ananitazama. Hakuna aliyewahi kuchukia. Aliye na mali halisi hufurahi kuiona ikithibitika mbele yake.

Asidi waachie masonara. Inaunguza ngozi, na mvuke wake haufai kuvutwa chumbani.

Hatua ya tatu: piga hesabu kabla ya kutaja bei

Hesabu ni moja tu: gramu ulizopima, zidisha kwa usafi, gawanya kwa 31.1035 upate aunsi, zidisha kwa bei ya aunsi ya siku hiyo kwa dola, kisha kwa dola inavyobadilishwa benki.

Tuseme umeletewa rupia kumi zilizolika, zote 917, na jumla zina gramu 113.4. Fedha safi ni gramu 104, ambayo ni aunsi 3.34. Kama aunsi ingekuwa dola 30 (nachukua namba hiyo kwa wepesi wa hesabu tu, wewe tazama bei ya asubuhi ya leo), madini yote yana thamani ya dola 100. Ungezihesabu kana kwamba ni mpya ungepata dola 103. Dola tatu ni zaidi ya robo ya rupia moja, umeitoa bure kwa kuona uvivu wa kupima.

Zenye vikonyo vya kuvalia zipime kwa uangalifu. Bibi zetu walizivaa kwenye mikufu, na sonara alizilehemu kwa mchanganyiko usio na usafi wa sarafu. Linganisha na rupia isiyo na kikonyo iliyolika vivyo hivyo, na tofauti usiilipie bei ya fedha.

Hatua ya nne: mapatano

Sheria yangu mwenyewe: silipi zaidi ya asilimia 80 ya thamani ya madini kwa rupia na riale. Ile 20 si ulafi. Siku ya kuuza, sonara naye atakata gharama ya kuyeyusha na kusafisha, na ukinunua kwa bei kamili ya dunia unaanza ukiwa na hasara ambayo soko lazima likufidie kwanza.

Kwa shilingi za simba ninashuka chini sana, au naziacha. Nilimpelekea sonara yule yule mfuko wa shilingi, nikajisifu nimepata kilo nzima. Aliumwaga mezani, akachambua tatu zilizolika mpaka mgongo wa simba umekuwa wa manjano.

"Shikamoo mzee, unazionaje?" nikamuuliza, maana alikaa kimya muda mrefu.

"Marahaba. Mwanangu, hapa makaa yatakula kuliko fedha yenyewe."

Alikuwa sahihi. Kwenye kilo moja ya shilingi mna robo kilo ya fedha, na robo tatu ya vitu vingine ambavyo lazima viondolewe kwa moto, kazi na dawa. Thamani iko kwenye karatasi, lakini mnunuzi wa kukupa thamani hiyo ni shida kumpata. Zinunue kwa bei iliyo juu kidogo tu ya chuma chakavu au ziache.

Na neno kuhusu unayenunua kwake. Mara nyingi atakuwa mama mtu mzima anayetoa rupia za arusi yake kwa sababu kodi imefika au mjukuu analazwa. Mpimie mbele yake. Mwandikie hesabu kwenye karatasi: gramu hizi, bei ya leo hii, mimi natoa hii, na inayobaki ni kwa sababu hii. Mwache na karatasi, aende akaulize kwa mwingine. Nimepoteza baadhi ya sarafu kwa njia hiyo, na wengi wamerudi wakiwa na nyingine za dada zao.

Hatua ya tano: tenga zisizo za kuyeyusha

Kuna sarafu ambazo mkusanyaji atazilipia kuliko sonara, na ukiziyeyusha umeua mali. Rupia za Kijerumani ziko mstari wa mbele: zile za kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, za 1890 hadi 1902, zenye simba chini ya mnazi, na za 1904 hadi 1914 zilizoandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA. Ile kubwa ya rupia mbili, ya 1893 na 1894, ukiipata keti chini kwanza. Rupia ya Mombasa ya 1888 ya kampuni ya Waingereza, riale ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria, na florini ya 1920, zote ziweke pembeni. Heller za Tabora za 1916 wala si fedha, ni shaba na mchanganyiko wa shaba zilizogongwa wakati wa vita, lakini nazo zina watu wake.

Hizi usizisugue, wala kwa majivu, wala kwa ndimu, wala kwa dawa ya meno. Ule weusi ndio unaomshawishi mkusanyaji kwamba hazijachezewa.

Kinyume chake, zilizotobolewa, zenye vikonyo, zilizolika mpaka sura imetoweka, hazina mkusanyaji. Hizo ndizo zako. Bei yake inafuata madini bila porojo, na muuzaji hawezi kukuongezea ya ukale.

Hatua ya sita: sheria

Kenya, chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaweka mpaka kwenye vitu vya kabla ya 1863. Hapo riale inaleta kizaazaa: imeandikwa 1780 hata kama imegongwa karne ya ishirini, na ofisa wa uwanja wa ndege anasoma kilichoandikwa. Ukisafiri nazo kwenda Muscat au Dubai, pata barua ya makumbusho mapema na uzitangaze forodhani.

Sarafu iliyotoka ardhini, hasa zile nyembamba za shaba za masultani wa Kilwa, isiguswe na mfanyabiashara. Ipeleke makumbusho pamoja na maelezo ya mahali ilipookotwa, kwa sababu mahali ndipo penye elimu. Na ukitaka kununua kwa wingi na kuyeyusha kama biashara, kuna leseni. Uliza ofisi ya madini kabla ya kuwasha moto.

Hatua ya saba: kuzitunza na kuzitoa

Hewa yetu ya chumvi na joto huzifanya nyeusi haraka. Weusi haupunguzi gramu za maana, ila mifuko laini ya plastiki huacha utando wa kijani, na mipira ya kufungia ina salfa inayoziunguza. Tumia kitambaa cha pamba kikavu ndani ya kopo linalofunga, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Watu wawili wajue zilipo, si mmoja na si wanne.

Weka daftari. Tarehe, aina, gramu, usafi, ulicholipa, bei ya aunsi siku hiyo. Kwa Waislamu daftari hilo lina kazi nyingine: nisabu ya fedha, yaani kiwango ambacho zaka huanzia, ni dirhamu 200, ambazo wengi huzihesabu gramu 595. Hizo ni kama rupia 56 nzima, au riale 26. Ukizimiliki mwaka mzima, zaka ni fungu moja kwa arobaini. Kuhusu kuhesabu uzito wote au fedha safi peke yake, muulize sheikh wako.

Usiweke humu ada ya shule. Januari 1980 aunsi ilifika karibu dola 50, na kabla Machi haijaisha ilikuwa chini ya 11. Aliyenunua kileleni alisubiri hadi 2011 kuiona bei inakaribia pale tena, kwa dola iliyokwisha kuchakaa. Machi 2020 ilishuka chini ya 12. Hela utakayoihitaji ndani ya miaka mitano ikae mahali pengine.

Siku ya kuuza, uza kidogo kidogo na uanze na zilizotobolewa. Ulizia masonara watatu siku moja, kwa gramu na si kwa sarafu, na mizani yako iwe mfukoni. Riale ziweke za mwisho, kwa sababu zina soko lake nje ya masonara: Omani bado zinauzwa na kuvaliwa, na kwenye soko la Mutrah utakuta wauzaji wanaozijua tangu utotoni. Humo ndimo nilimouza zangu nne za kwanza zilizo halisi. Muuzaji hakuuliza nimezitoa wapi. Alipitisha ukucha kwenye ukingo, akaangusha moja juu ya kioo cha meza, akasikiliza, akaanza kuhesabu pesa.